Dhahabu ya Sardis: Ugomvi wa Brutus na Cassius katika Juliasi Kaizari

Katika mchezo wa Shakespeare ambao Julius K. Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili na kuutoa mara ya kwanza mwaka 1963, kisha akausahihisha na kuutoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, liko onyesho moja ambalo wasomaji wengi hulipitia mbio mbio. Caesar amekwisha uawa. Hotuba mbili za maziko, ambazo wanafunzi huzikariri na kuzitoa mbele ya wenzao, zimekwisha semwa. Vita vya Philippi bado. Baina ya mambo hayo makubwa, majemadari wawili wa upande mmoja wanakutana kambini karibu na mji wa Sardis katika Asia Ndogo, wanaingia hemani ili askari wao wasiwasikie, na wanagombana. Hawagombani juu ya miungu wala juu ya uhuru wa Roma. Wanagombana juu ya fedha.

Asili ya ugomvi huo ni mtu ambaye haonekani jukwaani hata mara moja. Jina lake ni Lucius Pella. Brutus amemhukumu na kumwaibisha hadharani kwa kosa la kupokea rushwa kutoka kwa watu wa Sardis. Cassius, ambaye alimwandikia Brutus barua za kumwombea mtu huyo, anaona barua zake zimedharauliwa. Hoja yake yastahili kusikizwa vizuri, kwa sababu hakani kwamba Pella alikula rushwa. Anachosema ni kuwa wakati wa vita si wakati wa kupekua kila kosa dogo. Brutus ajibu kwa kumgeukia yeye mwenyewe. Watu, asema, wanamtuhumu Cassius naye kwa tamaa, na kwa kuviuza vyeo kwa dhahabu akawapa wasiostahili. Hapo hasira zapanda. Cassius atoa vitisho, akumbusha kwamba yeye ni askari wa siku nyingi kuliko mwenzake. Brutus ajibu kwa dharau baridi ambayo huumiza kuliko kelele.

Kwa mazoea onyesho hili husomwa kama pambano la mwema na mwovu. Brutus ni mtu safi aliyejikuta katikati ya walafi. Cassius ni mlafi mwenye akili. Walimu wamelifundisha hivyo, na waigizaji wengi huliigiza hivyo, Brutus akisimama wima na Cassius akizunguka zunguka kama mtu aliyeshikwa na wizi. Usomaji huo una msaada mkubwa mwishoni mwa mchezo, pale Antony anapousimamia mwili wa Brutus na kumsifu kuwa bora kuliko Warumi wenzake wote waliokula njama, maana wao walisukumwa na husuda na yeye alisukumwa na mema ya umma. Lakini sifa hizo zatoka kinywani mwa Antony, na neno la Antony juu ya mtu aliyekufa limekwisha onyesha thamani yake tangu siku ya maziko ya Caesar.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kusoma hivyo. Amelelewa na vitabu ambamo jina la mtu ni cheti cha tabia yake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapwa mwaka 1951, mshitaki ni Majivuno na mshitakiwa ni Karama. Msomaji hana haja ya kungoja hukumu ya mfalme, kwa kuwa majina yamekwisha kuitoa. Hiyo ni njia njema ya kufundisha, na katika nchi iliyotawaliwa na wageni ilimwezesha mwandishi kuyasema mengi juu ya utawala bila ya kumtaja mtawala. Lakini mtu aliyeizoea, akifika Sardis, humtafuta Karama wake, na kwa kuwa Brutus ndiye anayetumia maneno mazuri, humvika yeye joho hilo. Hata ushairi wa zamani wavuta upande huo huo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inayatazama majumba ya mabwana wa Pate yaliyobaki magofu, na tamaa ya dunia ndani yake ni maradhi ya moyo mmoja mmoja: mshairi anausuta moyo wake mwenyewe. Sardis hapana moyo unaojisuta. Pana watu wawili, kila mmoja akiushitaki moyo wa mwenzake, na dhahabu moja ambayo wote wawili wanaihitaji.

Lugha yenyewe yafaa kutazamwa hapa. Shakespeare amempa Cassius kiganja chenye kuwasha. Kwa watu wa Afrika Mashariki kiganja kikiwasha ni bishara: fedha ziko njiani, na mwenye kiganja hucheka akakikuna. Haimo aibu yo yote ndani yake. Msikilizaji wa Kiswahili asipoangalia ataisikia tuhuma hiyo kama mzaha wa jioni barazani, hali katika mchezo ni tusi kali, la kumfanya jemadari aonekane kama mwenye upele usiopoa. Kinyume chake, majina tuliyo nayo ya kitendo chenyewe ni mengi, na kila jina lina historia yake. Rushwa limetoka katika Kiarabu pamoja na lugha ya makadhi na mahakama. Mlungula ni neno zito, lenye harufu ya mtu anayekamuliwa asipende. Hongo, kabla halijawa neno la fedheha, lilikuwa jina la malipo ambayo misafara ya karne ya 19 iliwapa machifu wa bara ili ipite salama katika nchi zao. Yalitolewa mchana kweupe, mbele ya wapagazi na wazee, baada ya kubishana sana juu ya idadi ya nguo na shanga. Kisha yako majina ya siku za karibu, chai na kitu kidogo, ambayo hufanya kazi moja tu, nayo ni kulipunguza jambo. Cassius angeyafahamu mara moja. Utetezi wake wote wa Lucius Pella umejengwa juu ya neno hilo la udogo: kosa ni dogo, wakati ni mkubwa.

Jibu la Brutus kwa hoja hiyo ni la nguvu, na ndilo linalowapendeza wasomaji. Anamkumbusha Cassius siku ya katikati ya Machi. Caesar, asema, aliuawa kwa ajili ya haki. Mtu aliyekuwa mkuu kuliko wote duniani walimpiga kwa sababu aliwalinda wanyang'anyi. Je, wao sasa watavichafua vidole vyao kwa rushwa? Swali ni zuri. Lakini msomaji mwenye kumbukumbu hana budi kurudi nyuma hadi tendo la pili, usiku ule Brutus alipokuwa peke yake bustanini akiitafuta sababu ya kumwua rafiki yake. Humo hamna neno hata moja juu ya wanyang'anyi. Brutus alikiri usiku ule kwamba hakupata kumwona Caesar akiziachia tamaa zake ziishinde akili yake. Alichokiogopa ni kile ambacho taji lingeweza kumgeuza awe, kama mtu avunjaye yai la nyoka kabla halijaanguliwa. Sababu ya bustanini ni hofu ya jambo la kesho. Sababu ya Sardis ni kosa la jana. Caesar ni yule yule, na majeraha ni yale yale.

Shakespeare hakuyabuni maneno ya Sardis. Aliyapata katika maisha ya Brutus yaliyoandikwa na Plutarch, aliyoyasoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Huko Brutus asema kwamba Caesar mwenyewe hakuwa akiwanyang'anya watu, bali alikuwa ngao ya wanyang'anyi. Wako wahakiki wanaodhani kwamba mtunzi aliyachukua maneno ya kitabu bila ya kuona kwamba hayapatani na usiku wa bustanini. Huko ni kumdhania mtunzi uvivu. Yapatana zaidi na mchezo mzima kusema kwamba Brutus ameipata sababu mpya kwa kuwa sababu ya zamani haimsaidii tena. Hofu ya taji haiwezi kumhukumu Lucius Pella. Ili amhukumu mla rushwa mbele ya rafiki yake yampasa kuwa aliua kwa ajili ya rushwa, na basi anaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hasemi uwongo, amesahau. Sahau ya namna hiyo huwapata sana watu waliokwisha kufanya jambo kubwa, na ni vigumu kuiponya kuliko uwongo, kwa kuwa mwenyewe hatambui kwamba anaumwa.

Baada ya maneno hayo mazito Brutus aleta lalamiko lake mwenyewe, nalo ndilo kiini cha onyesho. Alituma watu kwa Cassius, asema, kuomba dhahabu ya kuwalipa askari wake, na Cassius akamnyima. Naye aliomba kwa sababu yeye mwenyewe hayuko tayari kutafuta fedha kwa njia zisizo safi, wala kuwakamua wakulima maskini kwa hila.

Jukwaani, maneno hayo yakisemwa haraka na kwa sauti nzuri, watazamaji hupiga makofi. Yakisomwa polepole yanatatiza. Dhahabu ya Cassius ilitoka wapi? Mchezo hautaji mgodi wala urithi. Umetaja njia moja tu, na aliyeitaja ni Brutus mwenyewe, muda mfupi uliopita: kuuza vyeo. Kama njia nyingine zilikuwako, ni zile zile za kuitoza miji ya Asia ambazo Brutus asema hawezi kuzitumia. Basi katika dakika chache amemshitaki Cassius kwa makosa mawili, kwanza kwa kuipata dhahabu vibaya, pili kwa kutomgawia. Shitaka la pili lalifuta la kwanza. Mtu anayesema kwamba mali fulani ni ya dhuluma, yampasa kudai irudishwe kwa wenyewe. Brutus hadai hivyo hata kwa ishara. Anachodai ni kwamba ingalipaswa kupita mikononi mwa Cassius ikafika kwa askari wa Brutus, na mkono wa Brutus ukabaki kama ulivyokuwa.

Wakulima wenyewe, ambao Brutus anawataja kwa huruma, wangepata faraja gani? Kwa mkulima wa Asia, senti iliyochukuliwa na mtu wa Cassius, ikapelekwa kwa Brutus, ni senti ile ile. Tofauti yote iko katika dhamiri ya yule anayeipokea mwisho.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba Cassius haioni nafasi hiyo. Mtu mwenye akili kali kama yake, aliyewasoma watu wote tangu tendo la kwanza, angeweza kumjibu kwa sentensi moja. Badala yake akana kwamba alimnyima, amlaumu mjumbe aliyeleta jibu kuwa ni mpumbavu, alalamika kwamba rafiki hapaswi kuyakuza makosa ya rafiki, na mwisho achomoa jambia lake na kumpa Brutus kifua. Kwa nini? Jibu liko mbali nyuma, katika mazungumzo ya usiku wa tufani, pale Casca aliposema kwamba uso wa Brutus ungeligeuza kosa lao likaonekana wema, kama wale mafundi waliodhaniwa kuweza kugeuza madini duni yakawa dhahabu. Wala njama walimtaka Brutus kwa ajili ya usafi wake. Usafi huo ni mali ya kundi zima, na wote wameishi juu yake tangu siku ya mauaji. Cassius akimwonyesha Brutus kwamba naye amechafuka, kesho kundi litatumia nini? Kwa hiyo anachagua kuonekana mwenye hasira na mwenye makosa. Ni hesabu ya siasa, na pia ni mapenzi. Hapana haja ya kuyatenga mawili hayo, maana Shakespeare hakuyatenga.

Plutarch alilieleza jambo la fedha kwa namna nyingine. Kwake, Brutus alikuwa ametumia mali yake kujenga jeshi la majini, akamwomba Cassius sehemu ya hazina yake. Marafiki wa Cassius wakamshauri asitoe, kwa kuwa kilichopatikana kwa shida na chuki hakifai kumpa mwingine ajipendekeze nacho kwa askari. Hata hivyo Cassius alitoa theluthi. Tena kwa Plutarch ugomvi wa faraghani ulikuwa siku moja, na hukumu ya Pella siku iliyofuata. Shakespeare ameyafanya mambo matatu: ameiondoa theluthi, amezikunja siku mbili zikawa saa moja, na ameitanguliza rushwa ya Pella mbele ya dhahabu ya Cassius. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji anayasikia yote mawili kwa pumzi moja. Mwandishi ambaye hakutaka yalinganishwe asingeyaweka hivyo.

Haifai kuuhukumu mchezo kwa mambo yaliyo nje yake. Lakini historia ya Brutus aliyeishi kweli yasaidia kuonyesha jinsi mtunzi alivyokisia sawa. Mwaka 51 kabla ya Kristo, Cicero alikwenda kuwa mtawala wa jimbo la Kilikia, ambalo wakati ule lilikuwa pamoja na kisiwa cha Saiprasi. Alikuta mji wa Salamis katika kisiwa hicho umezama katika deni. Mdai aliyejulikana alikuwa mtu aitwaye Scaptius, na riba aliyoidai ilikuwa asilimia 48 kwa mwaka, ingawa kiwango ambacho Cicero aliruhusu jimboni kilikuwa asilimia 12. Mtawala aliyemtangulia Cicero, ambaye alikuwa mkwewe Brutus, alikuwa amempa Scaptius cheo na askari wa farasi. Scaptius akawazingira wazee wa baraza la Salamis ndani ya jumba lao la mkutano, hata watano kati yao wakafa kwa njaa. Cicero aliwaondoa askari hao. Baadaye ndipo alipogundua, na barua zake kwa rafiki yake Atticus zimehifadhi mshangao wake, kwamba fedha hazikuwa za Scaptius. Zilikuwa za Brutus. Yule mwanafalsafa, mpenda vitabu, ambaye Roma nzima ilimwita mwadilifu, hakukanyaga Salamis kumdai mtu. Alikuwa Roma. Mkono wake ulikuwa safi kabisa.

Cicero naye, ambaye hukumbukwa kama msema kweli wa Roma, hakulimaliza jambo hilo. Watu wa Salamis walikuwa tayari kulipa kwa asilimia 12, lakini yeye hakumlazimisha Scaptius apokee. Aliliacha kwa mtawala atakayemfuata. Hakutaka kumwudhi Brutus. Jambo hilo halimo katika Plutarch, wala hapana haja ya kudhani kwamba Shakespeare alilijua. Alikuwa na mtu wa kitabuni anayesifiwa na kila mtu, akajiuliza mtu wa namna hiyo huzipata wapi fedha za kuendeshea mambo yake.

Onyesho la kwanza la tendo hilo hilo la nne limewekwa makusudi kabla ya Sardis. Ni fupi sana, na huko Roma. Antony, Octavius na Lepidus wamekaa na orodha ya majina, wanatia alama juu ya watakaouawa. Lepidus amtoa ndugu yake. Antony amtoa mtoto wa dada yake. Kisha Antony amtuma Lepidus nyumbani kwa Caesar akalete wasia, ili watazame namna ya kupunguza yale waliyorithishwa watu. Wasia huo ndio ule ule. Siku chache tu za mchezo zilizopita Antony aliwaonyesha watu karatasi hiyo, akawanyima kwa werevu mpaka wakalia kuitaka, kisha akawasomea: kila raia wa Roma drakma 75, na bustani za Caesar kando ya mto Tiber ziwe za umma milele. Kwa ajili ya wasia huo watu walichoma nyumba. Sasa watapunguziwa, na hawatajua. Tena Lepidus hajafika mbali, Antony aanza kumdharau kwa Octavius, amlinganisha na punda anayebebeshwa dhahabu halafu akafukuzwa akale majani.

Wasomaji humlaani Antony hapo, na wanastahili. Lakini mpango wa maonyesho haya mawili hauko kwa ajili ya kumlaani Antony pekee. Roma wanaiba kwa kalamu, wanajua kwamba wanaiba, na hawana haja ya kupamba. Sardis mtu mmoja anaomba dhahabu ya mwenzake huku akiilaani. Kati ya hao wawili, ni yupi atakayekuwa mgumu kushitakiwa mbele ya umma? Antony ana karatasi iliyopunguzwa. Karatasi inaweza kupatikana. Brutus hana kitu.

Ni katika swali hilo ndipo tafsiri ya Kiswahili inapokutana na historia ya nchi ilikozaliwa. Kutafuta katika tafsiri ya 1963 utabiri wa Azimio la Arusha la 1967 ni kuupotosha mchezo. Tafsiri ilifanywa kwanza kwa mapenzi ya lugha, na yasomeka hivyo. Lakini mfasiri alikuwa mkuu wa nchi, na chama chake kilikuwa kimewafunga wanachama wake kwa ahadi ya kutopokea wala kutoa rushwa. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana, naye akatambua kwamba mishahara ya wakubwa imekuwa sehemu ya ugomvi, aliupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye masharti ya uongozi yakaandikwa Arusha: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yo yote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Toleo lililosahihishwa la mchezo huu lilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya masharti hayo. Na mwaka huo huo alitoa Mabepari wa Venisi, akilitumia kwa wafanya biashara wa Venisi neno ambalo asili yake ya Kigujarati ni mchuuzi tu, lakini ambalo wasomaji wake walikuwa wakilisikia kila siku katika maana nyingine kabisa.

Masharti ya 1967 yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 Bunge likatunga sheria ya maadili ya viongozi wa umma ambayo yamtaka kiongozi atangaze mali yake. Mwaka 1996 tume iliyoongozwa na Joseph Warioba ikatoa taarifa ndefu juu ya kero ya rushwa nchini. Yote hayo yalitungwa kwa ajili ya Lucius Pella na kwa ajili ya Antony, yaani kwa mkono unaopokea na kalamu inayopunguza, na si haba: nchi isiyo na masharti ya namna hiyo huliwa mchana. Lakini Brutus wa mchezo angeyapita yote bila ya jasho. Hana hisa, hana nyumba ya kupangisha, hana mshahara wa pili. Fomu ya mali yake angeijaza kwa dakika mbili, na kwa kweli tupu. Kile ambacho hakimo katika fomu ni ule ujumbe aliompelekea Cassius.

Wako watakaosema kwamba hoja hii yamwonea Brutus. Askari lazima walipwe. Jeshi lisilolipwa hugeuka jeshi la wanyang'anyi, na hapo wakulima wangeumia zaidi. Hiyo ni kweli, na kama Brutus angeisema angekuwa mtu mwingine. Angeweza kukaa na Cassius na kukiri kwamba vita vyao vinagharimiwa na watu wasioviomba, na kwamba yawapasa kuamua pamoja ni kiasi gani kitachukuliwa, kutoka kwa nani, na kwa utaratibu gani ulio wazi. Hongo ya misafara ilikuwa na angalau uwazi huo. Kosa lake si kuhitaji fedha. Kosa lake ni kutaka fedha zifike bila ya yeye kuwa na habari ya safari yake, huku akimhukumu mtu wa njiani.

Patano lao lenyewe latia shaka. Wanapeana mikono, wanaagiza mvinyo, Brutus atoa habari ya kifo cha Portia mkewe, na ugomvi wazama katika msiba huo. Hasira imekwisha, lakini jambo halikuamuliwa. Pella amefungwa au ameachiliwa? Cassius ataendelea kuuza vyeo? Dhahabu italetwa? Hakuna aulizaye. Watu wa Sardis, ambao rushwa ilitoka mifukoni mwao, hawana hata mjumbe mmoja jukwaani.

Hata hivyo fedha zarudi, kwa mlango ambao hautazamiwi. Baada ya mvinyo wanaanza kushauriana juu ya vita. Cassius ataka wabaki walipo, adui aje, achoke, amalize chakula chake njiani. Kwa maoni ya askari ni shauri jema. Brutus alikataa na kutaka waende Philippi, na sababu yake ya kwanza ni kwamba watu wa nchi iliyoko kati yao na Philippi hawawapendi ila kwa kulazimishwa, kwa kuwa waliutoa mchango wao kwa kinyongo. Adui akipita kwao atajaza jeshi lake kwa watu hao. Mchango gani? Yule aliyesema nusu saa iliyopita kwamba hawezi kuwakamua wakulima, sasa apanga vita kwa kuwa wakulima wamekamuliwa na wana uchungu. Anayasema kama mtu anayetaja hali ya barabara au ya mvua. Cassius anakubali, na jeshi linakwenda Philippi, ambako wote wawili watakufa.

Mwigizaji atakayechukua sehemu ya Brutus asifanye kosa la kumgeuza mnafiki kwa sababu ya hayo yote. Angeuharibu mchezo kuliko wale wanaomfanya mtakatifu. Wageni wakiisha kuondoka hemani, Brutus amwomba kijana wake ampigie muziki kidogo. Kijana naye anaitwa Lucius, jina moja na la yule mla rushwa, na msomaji wa mara ya kwanza huweza kuwachanganya. Kijana amechoka, anaanza kupiga, anasinzia juu ya chombo chake. Brutus hamwamshi. Ainuka kwa upole, akitoa chombo mikononi mwake kisije kikavunjika, akitafuta kitabu chake mfukoni mwa vazi, aikunjua karatasi aliyoikunja kuweka alama, na aanza kusoma karibu na taa.